Kasuku Mkubwa kwa Mfuko Mdogo



Ndugu wasomaji, tangu Ramadhani kwisha tumeulizwa swali moja na wazazi watatu, mmoja wa Mayfair na wawili wa Yeoville. Kila mmoja ana mtoto anayemlilia amnunulie kasuku. Wala si yule mdogo wa kijani, bali kasuku mkubwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu, msema maneno. Na kila mmoja ametaka kujua: je, mtu wa kipato cha kawaida, mwenye kodi ya nyumba, karo za watoto na fedha za kupeleka nyumbani kila mwisho wa mwezi, aweza kumfuga ndege huyo bila ya kujitia katika dhiki?

Jibu letu ni kwamba aweza, lakini si kwa njia ambayo wengi huifikiria kwanza. Mwenye fedha kidogo hutafuta ndege wa bei ndogo. Sisi nasi tulifanya hivyo, tukajuta. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza yaliyotufika kabla ya kutoa nasaha, kwani mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha ya wengine.

KINDA WA NUSU BEI

Mwaka 2023 mjukuu wetu, akiwa na umri wa miaka 9, alimaliza kuhifadhi Juzuu Amma, nasi tulikuwa tumemwahidi zawadi aitakayo mwenyewe. Akachagua kasuku. Tulipokwenda kuuliza bei tuliona kuwa ndege aliyekwisha kukua na kuzoea watu alikuwa ametuzidi nguvu. Ndipo muuzaji mmoja akatuvuta kando. Alikuwa na makinda ya wiki sita, ambao hawajaanza kula wenyewe, kwa karibu nusu ya bei. Akatuambia kuwa kasuku aliyelishwa na mkono wa mwenyewe humpenda maisha yake yote. Akatupa bomba la kulishia, kopo la unga wa uji, na maelezo ya dakika tano.

Tulimbeba yule kinda katika sanduku la viatu kwa furaha kubwa. Tulichokuwa hatukijua ni kwamba ile nusu ya bei tuliyosamehewa ilikuwa ni ujira wa kazi ambayo mfugaji stadi huifanya kwa muda wa wiki kadhaa, nasi hatukuwa na ustadi wake. Kinda wa umri ule hutaka joto lisilobadilika usiku na mchana. Uji wake nao una kipimo chake. Ukiwa wa moto humchoma gole, yaani ule mfuko wa chakula ulio chini ya koo. Ukiwa baridi hukaa humo bila ya kushuka, ukachacha. Ukimiminwa kwa haraka huingia katika njia ya pumzi.

Tulimtengenezea sanduku lenye balbu. Wasomaji mnakumbuka mwaka 2023 ulivyokuwa: hapakuwa na mwaka mwingine katika nchi hii uliokuwa na mgao mzito wa umeme kama huo, na wakati huo ilikuwa ni majira ya baridi. Usiku wa tisa umeme ulikatika kwa zamu yake, balbu ikazimika, nasi tulikuwa tumelala. Asubuhi tulimkuta kinda ni baridi na gole limejaa. Daktari alifanya alivyoweza. Siku ya kumi na mbili akafa. Gharama ya daktari peke yake ilizidi ile fedha tuliyodhani tumeiokoa.

Mjukuu wetu akatuuliza, “Babu, kwani mimi sikumlisha vizuri?” Tukamwambia kwamba kosa halikuwa lake. Lakini hatukuwa na ujasiri wa kumwambia siku ile kosa lilikuwa la nani.

YALIYO JUU YETU

Mashekhe wanaosomesha watoto wetu huwasimulia habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kijindege chake, na namna Mtume (s.a.w.) alivyomfanyia upole na utani mtoto yule. Wanavyuoni wengi wamechukua humo kwamba yafaa kufuga ndege. Lakini hutusimulia pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Sisi si mafakihi, na atakaye hukumu kwa ukamilifu awaulize wenye elimu. Ila mtu wa kawaida aweza kuziweka habari hizi mbili pamoja akaelewa: ruhusa ipo, na inakuja na deni.

Deni lenyewe si dogo. Kasuku wa kijivu ana urefu wa kiasi cha sentimita 33 na uzito wa gramu 400 hadi 500 tu, lakini akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 40 na hata 60. Akili yake nayo si ya mchezo. Sisi tuliofundisha kwa miaka mingi tulikuwa na mazoea ya kuwakemea wanafunzi wasikariri “kama kasuku.” Basi huko Marekani, mtaalamu Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka moja la Chicago mwaka 1977, akamwita Alex. Alimfundisha kwa miaka 30, hadi Alex akaweza kutaja rangi, maumbo na majina ya vitu zaidi ya 100, na kuhesabu hadi sita kwa kuelewa. Alex alikufa mwaka 2007. Tunawaomba radhi kasuku wote kwa maneno tuliyoyasema darasani.

Ndege mwenye akili ya namna hiyo akifungiwa peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni, nyumba ikiwa tupu, hupiga kelele na hujinyonyoa manyoya hadi ngozi ikabaki wazi. Kwa hiyo swali la kwanza si la fedha. Je, nyumbani kwenu kuna mtu mchana? Bibi aliye nyumbani, mama anayeshona, baba anayefanya kazi ya usiku? Kama hayupo, fedha hata zikiwepo hazitamfaa ndege huyu.

NDEGE WA GARINI

Zaidi ya kinda asiyeachishwa kulishwa, yuko ndege mwingine wa bei ndogo ambaye twapaswa kumkimbia. Naye ni yule anayeuzwa kando ya barabara au ndani ya gari, hana pete mguuni, na muuzaji hana karatasi.

Ndugu zetu waliotoka Kongo ya mashariki wanajua anakotoka. Katika misitu ya Maniema na ya pande za Kisangani wawindaji huwanasa kasuku kwa ulimbo, wakitumia kasuku mwingine aliyefungwa awe chambo. Wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Huko Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kasuku wa kijivu walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Kwetu Kenya waliobaki katika msitu wa Kakamega ni wachache mno.

Jambo hili lina historia hapa hapa mjini kwetu. Mwezi wa Desemba 2010, kasuku wa kijivu zaidi ya 700 waliotoka Kongo walipakiwa katika ndege ya abiria kutoka Johannesburg kwenda Durban, na karibu wote wakafika wamekufa. Na mwaka 2016 mataifa yaliyo katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yalikutana Sandton, yakapiga kura kumweka kasuku wa kijivu katika orodha kali kuliko zote. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku.

Afrika ya Kusini ina wafugaji wengi wanaozalisha kasuku hawa, kwa hiyo hakuna haja ya kununua wa porini. Mwangalie mguu. Ndege aliyezaliwa kwa mfugaji huvishwa pete iliyo mduara mzima, isiyo na mahali pa kufunguka, nayo huvishwa angali kinda ndani ya kiota; mguu ukishakua haiingii tena. Ichukue namba yake, uiandike katika risiti pamoja na jina la muuzaji. Na kabla ya kulipa, uliza katika ofisi ya mazingira ya mkoa wa Gauteng ni karatasi gani zinazotakiwa kwa aina ya ndege unayemtaka. Sisi wageni tuna sababu za kutosha za kusimamishwa na askari; tusijiongezee nyingine.

HESABU KABLA YA NDEGE

Wengi huuliza, “Kasuku ni bei gani?” Swali hilo ni pungufu. Chukua daftari uchore safu nne: ndege, tundu, chakula cha kila mwezi, na daktari.

Tundu. Hapa ndipo pasipofaa ubahili, kwa kuwa ndipo atakapokaa. Kasuku wa kijivu akitandaza mbawa hufika nusu mita. Tundu lake lisipungue upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 60, na nafasi kati ya waya isizidi sentimita mbili na nusu. Tundu lililotumika lafaa sana na hupunguza gharama, lakini liangalie kwanza. Waya uliopakwa madini ya zinki humdhuru kasuku anayeutafuna. Na rangi ya zamani yenye kubanduka huenda ina risasi. Lisilo na hatia hizo lisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, lioshwe vizuri, likaushwe juani. Fito za kutulia zisiwe za kununua. Tawi la mpera lisilopigwa dawa ni bora, maana unene wake hubadilika na miguu ya ndege hupata mazoezi.

Chakula. Mbegu za alizeti ni rahisi kupatikana, na ndizo zinazowaua kasuku wengi polepole. Zina mafuta mengi, hazina vitamini A ya kutosha, na chokaa yake ni haba. Na kasuku wa kijivu akikosa chokaa hushikwa na degedege. Wataalamu hupendelea vile vipunje vilivyosindikwa kiwandani viwe sehemu kubwa ya chakula, lakini bei yake si haba. Sisi hununua mfuko mmoja, tukauongezea vyakula vya jikoni: maharage na kunde zilizopikwa zikaiva vizuri bila chumvi, mchicha, karoti, boga, viazi vitamu, na pilipili, ambayo haimwashi hata kidogo. Mboga tunazinunua kwa kushirikiana na majirani wawili katika soko kuu la City Deep, ambako hununuliwa kwa masanduku. Msimpe kamwe parachichi, kwani kwake ni sumu. Wala chokoleti, kahawa, chumvi au vitunguu.

Michezo. Usinunue. Kasuku hutaka kuharibu kitu, na hajali bei yake. Mpe maboksi ya karatasi, vipande vya mti wa msonobari usiopakwa dawa, magunzi ya mahindi, na makuti yaliyosukwa. Bibi mmoja wa Pemba anayeishi jirani yetu humsukia wa kwetu kikapu kidogo kila Jumamosi, na kufika Jumatatu kimekwisha.

Daktari. Si kila daktari wa wanyama anayewajua ndege. Mtafute anayewajua kabla hujanunua; na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pretoria iliyoko Onderstepoort ni mahali pa kuuliza. Ndege mpya apimwe, hasa maradhi ya virusi yanayoharibu mdomo na manyoya, na ile homa ya kasuku inayoweza kumwambukiza mwanadamu kifua. Ikiwa mtoto wenu ana pumu, mjue pia kwamba kasuku wa kijivu hutoa vumbi jeupe la manyoya kila siku.

Sasa jumlisheni gharama ya chakula na akiba ya daktari kwa mwezi mmoja, muitie fedha hiyo katika kopo kwa miezi mitatu kabla ya kununua chochote. Kama kopo litavunjwa kwa sababu ya kodi au nauli, hakuna aibu. Mmekwisha kupata jibu, na hakuna ndege aliyeteseka. Sisi tuliweka randi 150 kila mwezi kwa ajili ya daktari tu, na kopo hilo lipo hadi leo.

HEWA YA NYUMBA ZETU

Kuna jambo ambalo halitajwi katika vitabu vya wafugaji wa hapa, kwa kuwa si desturi yao. Pafu la ndege ni dhaifu mbele ya moshi. Udi na ubani tunaofukiza siku ya Ijumaa na wageni wanapokuja unaweza kumdhuru. Hatusemi muache, sisi tunafukiza chumba kingine, mlango umefungwa na dirisha liko wazi. Vikaango vile visivyogandisha chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa hewa ambayo yaweza kumwua kasuku kwa dakika chache, hata kama ninyi hamkusikia harufu yoyote. Hakikisheni tundu haliko jikoni. Jiko la mafuta ya taa la kuotea baridi halimfai pia.

Jua, kwa bahati, ni la bure, na Johannesburg ina jua tele hata wakati wa baridi. Mtoeni nje ndani ya tundu dogo kwa nusu saa, kwa kuwa jua linalopita katika kioo halimpi ile nguvu ya kutengeneza vitamini D. Pawepo na kivuli, na mtu asiondoke karibu, maana paka na kipanga hawasomi gazeti letu.

NDEGE MTU MZIMA

Baada ya msiba wa kinda tulikaa karibu mwaka mzima. Ndipo tukaona tangazo katika ubao wa chumba cha kungojea cha daktari: mama mmoja mjane, Mwafrikana, alikuwa anahamia katika nyumba ya wazee ambako ndege hawaruhusiwi. Wanawe wako Australia. Alikuwa na kasuku wa kijivu mwenye umri wa miaka 22.

Tulikwenda kwake mara tatu kabla ya kukubaliana. Mara ya kwanza ndege alitupa mgongo. Mara ya pili alikubali karanga kutoka kwa mjukuu wetu. Mara ya tatu mama yule alikuja yeye kwetu, akaangalia mahali tundu litakapokaa, akauliza nani yupo nyumbani mchana, akatuuliza na ya kinda, nasi tukamweleza yote bila kuficha. Tulidhani atatunyima. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtu aliyekwisha kujifunza ni afadhali kuliko asiyejua kuwa hajui. Hakutaka fedha ya ndege. Alitaka thamani ya tundu tu, akatupokelea kwa mafungu manne, na karatasi iliyotiwa saini kwamba hatutamwuza.

Hii ndiyo njia tunayowashauri wenye mfuko mdogo. Kasuku huishi miaka mingi kuliko mapenzi ya watu wengi kwake, na kila mara wapo wanaotafutiwa nyumba ya pili kwa sababu ya uzee, talaka au safari. Ulizeni kwa madaktari wa ndege, kwa SPCA, na kwa vyama vya wafugaji. Ndege mtu mzima amekwisha kupita hatari za ukinda, tabia yake inaonekana, na mara nyingi huja na tundu lake. Lakini huja pia na majonzi. Wa kwetu hakusema neno kwa wiki saba, na alimwuma mwenzetu wa nyumbani mara mbili hadi damu. Saburi ndiyo bei yake. Leo anasema “Goeiemôre” asubuhi na “Alaykum salaam” mtu akibisha hodi, na akisikia sauti ya yule mama katika simu hukohoa kama yeye.

NANI ATABAKI NAYE?

Tumeliacha hili mwisho kwa kuwa ndilo zito kwetu sisi wahamiaji. Wengi wetu tunaishi hapa kwa vibali vya muda, na kila mmoja ana nia ya kurudi siku moja. Kasuku wa kijivu havukishwi mpaka mkononi kama birika. Anataka kibali cha CITES cha nchi atokayo na cha nchi aendayo, pamoja na hati ya afya. Na asiyekuwa na karatasi atanyang'anywa. Kwa hiyo kabla ya kununua, taja jina la mtu atakayebaki naye, umwulize naye akubali mbele ya watu. Kama huna mtu huyo, chagua ndege wa umri mfupi zaidi, au mpeleke mtoto akawatazame kasuku wa kijani wanaoruka huru katika miti ya vitongoji vya kaskazini, ambao asili yao ni ndege waliotoroka matunduni. Kuwatazama hakugharimu chochote.

Sisi tumekwisha kupita miaka 60, na ndege wetu huenda akatuzika. Jioni moja tulimwita mjukuu tukamweleza hayo, na tukamweleza pia, hatimaye, kosa la kinda lilikuwa la nani. Akasema, “Babu, nilikuwa najua.” Kisha akachukua ile karatasi ya mama mjane, akaandika jina lake chini ya saini yetu.

Wenye kuhitaji vipimo vya tundu au mpangilio wa chakula cha wiki waache ujumbe kwa mwalimu wa madrasa, nasi tutawapa nakala inshaallah.

Wabillahi tawfiq.